Pipa Lililogoma Kuchacha

Wapo watu wanaoacha pombe wakaenda shule. Dada Trei aliacha baa akaenda shule kusomea pombe, na mpaka leo mama yake hajapata namna ya kuwaeleza majirani wakaelewa. "Anasomea kilimo," huwaambia, kisha hubadilisha mazungumzo upesi kabla mtu hajauliza ni kilimo cha nini.

Jina hilo la Trei alipewa wiki ya kwanza chuoni. Lilikuwa somo la kuonja, glasi nyembamba zimepangwa kwenye meza ya mbele, na wanafunzi wanaziangalia kwa mbali kama mayai ya kuazima. Mwalimu akauliza nani atazigawa. Yeye akanyanyuka, akazipanga zote kwenye trei moja, akaiinua juu ya bega kwa vidole vitano, akapita katikati ya viti akigeuza kiuno hapa na kukwepa goti pale, akamwekea kila mtu ya kwake bila tone kumwagika. Darasa likapiga makofi. Tangu siku hiyo akawa Dada Trei: Dada kwa sababu aliwazidi wote umri, Trei kwa sababu mnayoijua. Hakuchukia. Jina la kupewa kwa makofi si sawa na jina la kupewa kwa matusi, na maisha yalikuwa yamempa ya aina zote mbili, tena bila kumnyima.

Ujana wake wote uliishia baa. Amemwagiwa bia kifuani, amekanyagwa miguu, ameahidiwa ndoa na wanaume ambao kesho yake hawakukumbuka hata majina yao wenyewe. Lakini siku moja mgeni mmoja aliacha mvinyo kidogo kwenye glasi, na Dada Trei, aliyekuwa anaosha vyombo, akainusa kabla ya kuitia majini. Akasikia vumbi lililonyeshewa. Akanusa tena, akasikia kiatu kipya cha ngozi. Akamuuliza mpishi, akamuuliza mwenye baa, akauliza wateja: zabibu, tunda tu la kawaida, linapataje kunukia hivi? Hakuna aliyejua. Wengine walimwambia aoshe glasi. Swali likamkaa kooni kama mwiba wa samaki, na miaka haikulishusha, mpaka siku aliyovua aproni akaenda kulitafutia jibu.

Na huko chuoni hakushikika. Alikuwa mtu wa kwanza kufika shambani na wa mwisho kuondoka. Alifundishwa kupogoa, akaota anapogoa. Aliambiwa mzabibu ukibembelezwa kwa maji mengi huzaa majani na uvivu, ila ukibanwa kidogo ndipo huzaa zabibu zenye maana, akacheka peke yake katikati ya darasa. "Kumbe mimi ni mzabibu," alisema, na wenzake wakacheka naye, wengine bila kujua wanacheka nini.

Mwalimu wao alikuwa mwanamke mfupi mwenye pua ambayo haikumfichia mtu siri. Aliweza kuingia darasani akasema, "Aliyekula kitunguu akae nyuma," na kweli mtu akanyanyuka. Mbele yake walimwita Madamu. Nyuma yake walimwita Madamu Pua, na yeye alijua, kwa sababu hata hilo alilinusa.

"Wewe Trei, unapata harufu gani humo?" alimuuliza siku moja.

"Napata mteja wa saa ya kufunga, Madamu."

"Fafanua."

"Ngozi ya mkanda, moshi kidogo, halafu uongo mtamu."

Madamu Pua akaitikisa glasi yake, akanusa, akafikiri. "Ngozi nimeipata. Moshi nimeupata. Huo uongo endelea nao wewe."

Sasa, chuo kile kilikuwa na utaratibu wake. Wanafunzi walipangwa wawiliwawili, na kila wawili walipewa mstari mmoja wa mizabibu, wao na mstari wao tangu kupogoa mpaka chupani. Wao ndio wanaoamua siku ya kuvuna. Wao ndio wanaoponda, wanaochachusha, wanaokamua. Hakuna mwalimu anayewashika mkono. "Mstari ni wenu, na kosa ni lenu," Madamu Pua alisema siku ya kwanza. Na anayeanguka kwenye kazi hiyo ya vitendo hakuwa na nafasi ya kurudia. Alifunga mzigo, nafasi yake akapewa mwingine aliyekuwa anasubiri nje. Kwa vijana wale, kufunga mzigo kulimaanisha kwenda nyumbani kwa baba na kutafuta chuo kingine. Kwa Dada Trei kulimaanisha aproni ileile, iliyokuwa bado inaning'inia kwenye msumari uleule, maana mwenye baa alimwambia wakati wa kuagana, "Siitoi. Utarudi tu."

Mwenzake alikuwa kijana mrefu mwembamba, mtoto wa nyumba ya vitabu, waliyempachika jina la Vipimo. Shingoni alining'iniza kioo cha kupimia sukari, kile kidude kama darubini ndogo unachodondoshea tone la juisi kisha unachungulia kwenye mwanga. Alipima kila kitu. Alipima chai ya kantini, akamweleza mpishi kwamba ametia sukari pungufu kuliko jana, na tangu siku hiyo mpishi akawa anampakulia wa mwisho. Lakini alikuwa na moyo mzuri. Yeye na Dada Trei walielewana kama ndugu wa tumbo moja, na kama ndugu wa tumbo moja, siku waliyogombana waligombana kwelikweli.

Waligombania siku ya kuvuna.

"Bado, dada," alisema Vipimo, jicho moja limefumba, la pili limezama kwenye kioo. "Sukari haijafika."

"Mdomoni kwangu imefika."

"Mdomo wako hauna namba."

"Na hicho kioo chako hakina ulimi. Tafuna mbegu hii. Inavunjika kama karanga. Zabibu inakuambia nikate, wewe unachungulia tu kama unamsubiri mjomba stesheni."

"Tukikata leo tutapata kitu kikali kama siki."

"Tukingoja, ndege watatuvunia. Angalia kule mwisho, wameshaanza kuonja, na hawana cheti. Mimi, mtoto wewe, nilikuwa nakata limau za wateja wakati mama yako bado anakukata kucha."

Hapo ndipo kijana alipochomwa. Akakishusha kioo. "Kubeba glasi," akasema polepole, "siyo kujua kilichomo."

Dada Trei alikuwa ameambiwa mabaya zaidi na watu wabaya zaidi, na yote yalimteleza kama maji kwenye jani la mgomba. Hili halikuteleza. Lilitoka kwa mtu aliyempenda. Akageuka akaenda zake, na ukimya wake ukawa mzito kuliko matusi yote ya baa.

Kesho yake kulipopambazuka alichukua mkasi na kreti, akaanza kukata peke yake kutoka mwanzo wa mstari. Jua lilipochomoza vizuri alisikia mkasi mwingine unalia upande wa pili. Vipimo alikuwa anakata kutoka mwisho. Hakusalimu, hakusalimiwa. Wakakata, huyu akija na yule akija, kreti zikijaa, mpaka wakakutana katikati mbele ya mzabibu mmoja wenye kichala kimoja. Wakatazamana. Kila mmoja akamwachia mwenzake, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kukubali hisani, kile kichala kikabaki pale juu. Ndege wakakila mchana wakishukuru.

Chumba cha kuchachushia kilikuwa chumba kirefu chenye sakafu ya saruji na mfereji katikati, na mapipa meupe ya plastiki yenye midomo mipana yamesimama ukutani kama wageni wanaosubiri kupakuliwa. Humo mlikuwa na sheria moja ambayo Madamu Pua aliisema kuliko jina lake mwenyewe. Yeyote anayetia kitu ndani ya pipa sharti akitamke kwa sauti, na mwenzake sharti akirudie. "Natia maji." "Maji yametiwa." "Pipa halina mdomo," alisema. "Nyinyi ndio mdomo wake." Mwanzoni waliona haya kuitikiana kama watoto wa chekechea. Baadaye walizoea, na siku ya kuponda chumba kilikuwa na kelele kushinda sokoni.

Ndani ya kelele hizo, nani angegundua kwamba midomo miwili imefungwa?

Zabibu zikipondwa, kabla ya chachu, hutiwa kwanza unga wa salfa. Kazi yake ni kuwazuia vijidudu wahuni wasiingie kuharibu kabla mwenye nyumba, yaani chachu, hajafika. Wanafunzi waliuita askari. Dada Trei alipoona Vipimo amekwenda kuvuta mpira wa maji, akapima askari wake, tena wa kutosha kwa sababu baadhi ya zabibu zilikuwa zimepasuka njiani, akawamwaga, akakoroga. Hakutamka. Atamtamkia nani? Kisha akabeba kreti tupu akaenda kuziosha nje. Huku nyuma Vipimo akarudi na mpira wake, akaona zabibu zilizopasuka, akapima askari, tena wa kutosha, akawamwaga, akakoroga. Naye hakutamka. Kiburi kina mdomo mkubwa wa kugombana, wa kuulizana hakina.

Asubuhi iliyofuata Dada Trei alitia chachu. Mara hii alitamka, ila aliutamkia ukuta. "Natia chachu." Ukuta ukanyamaza. Vipimo akatikisa kichwa tu kwamba ameona.

Halafu wakangoja.

Mapipa mengine yakaanza kuamka. Kwanza povu jembamba pembeni, kisha mlio kama mtu anayenong'ona usingizini, kisha maganda yakapanda juu yakafanya kofia nene, na chumba kizima kikapata joto na harufu inayopanda mpaka utosini. Wanafunzi walizunguka na vijiti vya kusukumia maganda, wanacheka, wanaitana, "Njoo usikie la kwetu." Dada Trei alikwenda kusikia ya wote. Alitega sikio pipa moja baada ya jingine, na mwili ukamsisimka kwa furaha hata akasahau kwamba la kwake ni bubu. Alikuwa amewahudumia walevi miaka mingi, lakini hii ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia kilevi kinazaliwa.

Kisha akarudi kwenye la kwake. Limetulia tuli. Uso wa rojo la zabibu ulikuwa laini kama wa mtu asiyedaiwa na yeyote.

Majirani zao upande wa kushoto walikuwa dada wawili mapacha walioitwa Kina Pacha, ambao mmoja alianza sentensi na mwingine akaimaliza. Pipa lao lilichemka mpaka likamwaga povu sakafuni.

"Dada Trei," alisema wa kwanza, "hili pipa lenu..."

"...limefunga?" akamalizia wa pili.

"Limefunga. Linaombea mapipa yenye kiherehere."

"Lifuturu basi kabla ya..."

"...Ijumaa."

Hapo utani ukaisha ladha. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya ukaguzi. Pipa litakalokuwa halijaamka mpaka Ijumaa lingemwagwa shambani kuwa mbolea, na wenye pipa kuhesabiwa wameanguka.

Dada Trei alitafuta kosa kichwani kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mkoba. Labda maji ya kuamshia chachu yalikuwa ya moto mno. Labda ameiua kwa mkono wake. Vipimo naye alisimama upande wa pili wa pipa, anachungulia kioo chake, sukari ileile ya jana na juzi, na usoni anasema bila kusema, nilikuambia bado. Walizunguka pipa lile kama watalaka kwenye harusi ya mtoto wao.

Mwisho Dada Trei aliinama, akaingiza uso wote ndani ya mdomo wa pipa, akavuta pumzi kwa nguvu. Pua ikawaka. Macho yakatoa machozi. Ilikuwa kama mtu amewasha njiti za kiberiti, boksi zima, chini ya kope zake. Akajivuta nje anakohoa, akainama tena kuhakikisha, akakohoa tena. Alijua kiasi alichotia. Kiasi kile kisingewaka hivi.

Akamtazama kijana. Siku zote hizo hakuwa amemtazama.

"Wewe," akasema, sauti imekwaruza. "Ulitia askari?"

Vipimo alishtuka, kwanza kwa kusemeshwa. "Nilitia. Siku ya kuponda, ulipokwenda kuosha kreti." Kisha akaona uso wake. "Kwani na wewe..."

"Ulipokwenda kuvuta mpira."

"Kiasi gani?"

"Cha juu."

"Mimi pia cha juu." Kijana aliketi kwenye kreti kama mtu aliyekatwa miguu. "Na zabibu zetu ni kali, tumezivuna mapema. Kwenye ukali salfa inakuwa kali zaidi. Dada, kosa si la chachu yako. Imefika nyumbani ikakuta kambi ya jeshi."

Dada Trei akaanza kucheka. Alicheka akaegemea pipa, akacheka akashika mbavu, na Vipimo, aliyekuwa karibu kulia, akajikuta naye anacheka. "Sisi ni wapumbavu," alisema Dada Trei akijifuta macho. "Tena si wapumbavu wa kawaida. Hawa wa kawaida hukosea mara moja. Sisi tumegawana, nusu wewe nusu mimi, tena kila nusu ni kubwa kuliko nzima."

"Nisamehe lile neno la glasi."

"Nisamehe la kucha. Haya, simama. Ijumaa haikai kwenye kreti."

Wakaenda ofisini kwa Madamu Pua wakamweleza yote, hata kichala walichowaachia ndege. Alisikiliza bila kuinua macho kwenye kazi yake.

"Askari mmoja analinda nyumba," alisema mwishowe. "Askari wengi wanaiteka. Hilo ni kosa, nimelisikia. Dawa yake sijaisikia."

"Hewa," alisema Vipimo. "Tukilimwaga kutoka ndoo hadi ndoo kwa kimo, salfa nyingi itatoka."

"Kama kupoza chai," Dada Trei akaongeza. "Halafu tunaingiza chachu mpya, ila si kwa kuitupa humo ghafla. Tunaizoesha. Kikombe kimoja cha rojo letu, ikizoea, kingine, ikizoea, kingine."

"Chachu ya pakiti itachukua muda kupata nguvu," alisema Madamu Pua. "Na Ijumaa haichukui muda."

Dada Trei alifikiri, kisha akaona ukuta wa chumba cha kuchachushia mbele ya macho yake, na povu la Kina Pacha linavyotambaa sakafuni. "Madamu, je, inakatazwa kuomba moto kwa jirani?"

Hapo tu ndipo mwalimu alipoinua macho. "Tangu lini mtu akakatazwa kuomba moto kwa jirani? Ila jirani ana haki ya kucheka."

Jirani walicheka. Kina Pacha walicheka mpaka wakashikana. Mmoja alisema ataandika historia yake, mwingine akasema ataisoma, lakini wakachota jagi zima la rojo lao lililokuwa linachemka, wakalikabidhi kwa mikono miwili. "Litunzeni," alisema wa kwanza. "Ni mtoto wa..." "...watu," akamalizia wa pili.

Mchana wote ule Dada Trei na Vipimo walimwaga na kukinga. Huyu juu ya ngazi fupi, ndoo begani, yule chini amekinga nyingine, rojo likianguka kama maporomoko, moshi wa kiberiti ukiwatoka puani. "Namwaga." "Nimekinga." "Namwaga tena." "Nimekinga tena." Waliitikiana kwa sauti kubwa kuliko walivyohitaji, mpaka chumba kizima kikawazoea kama redio ya jirani. Nguo zao zilibadilika rangi. Kila mara Dada Trei aliingiza pua pipani, na kila mara pua iliwaka kidogo pungufu.

Lile jagi la kuazima walilimimina kwenye ndoo safi, wakaliongezea kikombe cha rojo lao. Ndoo ikanyamaza. Wakasubiri wakiishikilia kwa macho. Kisha kiputo kimoja, kisha viwili, kisha ikarudia kuchemka. Wakaongeza kingine. Jioni Dada Trei aliibeba mpaka bwenini kwa kuwa chumba chake kilikuwa na joto zuri, akaifunga blanketi, akaipa nafasi kwenye kona. Mwenzake wa chumbani akauliza kama ni mvulana au msichana.

Asubuhi waliamshwa na mlio. Povu lilikuwa limejaza ndoo, limepanda blanketi, limeshuka sakafuni, na sasa lilikuwa linapita chini ya mlango kwenda kusalimia korido. Wasichana walikuwa wamejaa nje, masikio yamesimama. Dada Trei alipiga magoti kwenye povu hilo na nguo ya kulalia, akakumbatia ndoo, na akasikia moyo wake unadunda kuliko siku yoyote aliyowahi kuambiwa anapendwa.

Alikuwa bado anapiga deki mama yake alipopiga simu.

"Mwanangu, ile kitu yenu imechacha?"

"Ndoo imechacha, mama. Pipa bado."

"Mimi nimemwomba Mungu aichachushe. Nilipiga magoti kabisa." Mama akashusha pumzi. "Sijui Yeye huko juu amelipokeaje. Miaka yote namwomba akutoe kwenye pombe, leo namwomba aiharakishe. Atasema mama huyu amechanganyikiwa."

"Mwambie ni kilimo, mama."

"Nimemwambia. Anakufahamu lakini."

Ndoo ikaongezewa rojo mara nyingi kiasi kwamba ikawa ndoo mbili, kisha nne. Alhamisi mchana walizimimina zote pipani. "Natia chachu," alisema Dada Trei, na Vipimo akajibu, "Chachu imetiwa," kwa sauti ya mtu anayefunga ndoa. Wakakoroga. Wakasubiri. Askari waliosalia mle ndani walikuwa wachache, lakini walikuwepo, na pipa zima si ndoo. Mpaka walipofungiwa mlango jioni, uso wa rojo ulikuwa umetoa viputo vichache tu, na hata hivyo huenda vilikuwa vya kukoroga.

Ijumaa Madamu Pua aliingia na darasa zima nyuma yake. Mkononi alikuwa na mshumaa uliobanwa kwenye waya mrefu. "Macho yanadanganya, masikio yanadanganya," alisema. "Huyu hadanganyi. Kinachochacha kinatoa hewa nzito isiyowasha moto, na hewa hiyo inakaa juu ya rojo. Mshumaa ukizimika, pipa li hai. Ukiendelea kuwaka, mnalijua shamba lilipo."

Akauwasha. Akaushusha kwenye pipa la kwanza. Moto ukazimika kabla haujapita mdomo wa pipa, na wenye pipa wakapeana mikono. La pili, vivyo hivyo. La Kina Pacha liliuzima kana kwamba mtu amepuliza kutoka ndani, na wao wakainama kwa heshima, mmoja akianza na mwingine akimalizia. Pipa kwa pipa, mshumaa ukawashwa na kuzimwa, mpaka likabaki moja.

Dada Trei aliusikia mkono wa Vipimo unatafuta wake. Akaushika.

Mshumaa ukawashwa. Ukashuka. Ukapita mdomo wa pipa, ukiwaka. Mtu nyuma akanong'ona kitu, akanyamazishwa. Ukashuka zaidi, ukimulika kuta nyeupe kwa ndani, mwali umesimama wima, umenyooka, hauna wasiwasi wowote. Dada Trei aliiona aproni kwenye msumari. Aliiona na doa lake karibu na mfuko. Madamu Pua hakuwa na haraka. Akaushusha kidogo tena, shubiri moja juu ya rojo. Mwali ukainama upande, kama mtu aliyeitwa jina. Ukarefuka. Ukawa wa bluu, ukajikunja, ukanyanyuka tena.

Kisha ukazimika. Moshi mwembamba ukatoka pipani peke yake.

Madamu Pua alikuwa bado ameinama. Akauwasha upya, akaushusha tena, palepale. Ukazimika tena, mara hii bila kujadiliana.

"Limechelewa," alisema akijinyoosha mgongo. "Limechoka, limeteswa na wazazi wake. Lakini limeamka. Mnaendelea."

Kelele iliyozuka humo ndani sitaieleza. Kina Pacha walimrukia Dada Trei mmoja kila bega, wakidai mjukuu. Vipimo alikuwa ameshachovya kipimajoto. "Limepanda," alitangaza, "limepanda kidogo, tulisukume maganda kila baada ya saa chache, na tukamue mapema kabla..."

"Mapema?" Dada Trei alikuwa tayari ameshika kijiti. "Leo wewe ndiye wa mapema? Maganda yatakaa mpaka yatoe rangi yote."

"Rangi ikitoka na uchungu unatoka."

"Uchungu kidogo ni mwili wa kinywaji. Uliza wanaokunywa."

"Nitapima."

"Pima. Na mimi nitaonja, na tutagombana kwa sauti, Madamu asikie."

"Nimeshasikia," alisema Madamu Pua kutoka mlangoni. "Sukumeni."

Dada Trei akasimamisha kijiti juu ya rojo, akakandamiza kwa nguvu zote. Maganda yakazama, hewa ikapasuka puu kutoka chini, harufu ikampiga usoni, na humo ndani, nyuma ya kiberiti kilichobaki, alikipata kitu ambacho hakuwa amewahi kukinusa popote, hana hata jina la kukipa. Akainama apate zaidi. Maganda yakapanda taratibu chini ya kijiti yakamnyanyua mikono. Akayasukuma. Nayo yakamsukuma.